Kibao cha Zamu

"Lete kibao, mama."

Mkono wa Mkuu wa Kitengo ulikuwa mbele yangu, kiganja juu, safi kama sahani iliyokwisha kufutwa. Mimi nilikuwa nimekaa. Kibao kilining'inia shingoni mwangu kwa kamba ya kiatu, na nyuma yangu mashine ya kanda ilikuwa ikinguruma taratibu, kama mtu anayekoroma bila deni la usingizi. Taa yake ya kijani ilipepesa, ikatulia, ikapepesa tena. Ilikuwa saa tatu na nusu asubuhi. Kazi iliyokuwa ndani yake isingekwisha kabla ya saa sita.

"Sileti," nikasema.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa katika jengo lile, na sikuwahi kumjibu mkubwa kwa neno hilo. Nilishangaa lilivyo fupi.

Miaka kumi na sita kati ya hiyo nilikuwa mhudumu. Nilifagia, nikachemsha chai, nikabeba mafaili ya vizazi na vifo kutoka dirisha hadi dirisha, kwa sababu hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya ofisi yetu: kuandika nani amekuja duniani na nani ameondoka. Nilipofika umri wa miaka arobaini na minne nilijiandikisha masomo ya jioni ya kompyuta, katika chumba kilichokuwa juu ya duka la viatu. Mwalimu alikuwa mdogo kuliko kitinda mimba wangu. Siku ya kwanza alidhani nimekuja kumchukua mtoto. Kabla ya kila somo nilikaa kwenye ngazi nikaomba sala moja tu: "Mungu wangu, nipe kuelewa, na nisipoelewa, nipe uso wa kuuliza tena." Nikauliza tena na tena. Yote niliyojibiwa niliyaandika kwenye daftari la mistari, na amri za mashine nilizipigia mstari kwa kalamu nyekundu.

Ndipo Fundi akanichukua chumba cha mashine. Fundi alikuwa mzee aliyebakiza miaka mitatu kustaafu, mtu wa maneno machache, mwenye miwani iliyofungwa kwa waya. Alisema anataka mtu anayeogopa. "Wasioogopa nimewaona, dada yangu. Wameniachia kazi ya kuzika."

Chumbani mle mlikuwa na kompyuta moja kubwa, ndefu kama kabati la nguo. Lakini ndani yake mlikuwa na mifumo endeshi miwili, kila mmoja na skrini yake, kibodi yake na diski zake, na hakuna aliyemjua mwenzake. Wa zamani ulishika rejesta yote tangu mwanzo. Mpya ulikuwa umeanza kupokea vizazi vya kila mwezi. Wafanyakazi waliiita Bi Mkubwa na Bi Mdogo. Na kwa kuwa mashine ya kanda, ile ya kutolea nakala za akiba, ilikuwa moja tu na wote wawili waliihitaji, hiyo ikaitwa Mume.

Sikupenda utani huo mwanzoni. Mimi ni mtu wa sala. Lakini hakuna maelezo mengine yaliyoniingia kichwani haraka kama hayo.

"Mume hanyakuliwi," Fundi alinifundisha. "Mume anaaga." Kwanza unasubiri kazi iishe. Unatoa kanda. Unaandika amri upande wa kwanza, kwamba nyumba hii imemwachia. Unahamisha kibao. Ndipo unaandika amri upande wa pili, kwamba nyumba hii imempokea. Kibao alikichonga mwenyewe kwenye mguu wa meza iliyovunjika, na ukutani alipigilia misumari miwili, mmoja kila upande. Kibao kikiwa kwenye msumari wako, au shingoni mwako wakati kazi inaendelea, zamu ni yako. Kisipokuwepo, hugusi.

"Na nikimchukua kwa nguvu?"

"Atakwenda." Alivua miwani. "Hapo ndipo ujue mashine haina adabu, adabu ni ya kwako. Ipo amri ya kunyakua, na mashine haitakukatalia. Atairudisha kanda mwanzo, ataandika mambo ya nyumba mpya juu ya mambo ya nyumba ya zamani, kisha atakwambia kazi imekamilika salama." Akavaa tena miwani. "Nilifanya hivyo mara moja. Diski ikafa wiki ile ile. Wilaya nzima, miaka miwili. Watu waliozaliwa wakawa hawakuzaliwa."

Tangu siku hiyo sikumhamisha Mume bila kuweka kiganja juu ya kompyuta na kuomba. Mwenzangu wa upande wa Bi Mdogo, mwanamke mcheshi tuliyemwita Redio kwa kuwa hazimwi, alikuwa akinicheka. "Kimya jamani, mama anafungisha ndoa!" Na nilipoandika kwa vidole viwili aliuliza kama ninaandika au ninadonoa mtama.

Fundi alistaafu. Kibao akanivika mimi shingoni, mbele ya Redio.

Miezi miwili baadaye diski ya Bi Mkubwa ilianza kutoa sauti ya mtu anayetafuna mchanga.

Sasa nieleze kilichokuwa hatarini, maana Mkuu hakutaka kuelezwa. Vitabu vya karatasi vya rejesta havikuwepo tena. Paa lilivuja, mchwa wakaingia, na mimi mwenyewe, nikiwa bado mhudumu, niliyasukuma mabaki yake kwa toroli hadi kwenye shimo la taka. Kanda ya zamani ya akiba ilikuwa imechakaa. Ilisomeka nusu, kisha ikakwama. Na kwa wiki tatu mfululizo Mume alikuwa amefungiwa kwa Bi Mdogo, kwa amri ya Mkuu, kwa ajili ya majaribio. Asubuhi ile ndipo nilipopata zamu kwa mara ya kwanza tangu hapo. Kila jina la mkoa mzima lilikuwa kwenye diski inayokufa, na lilikuwa likihama, moja moja, kwenda kwenye kanda iliyokuwa nyuma ya mgongo wangu.

Kati ya majina hayo lilikuwemo la mwanangu wa kwanza. Aliishi siku kumi na moja. Hatukuwa na picha. Nguo zake tulimpa jirani aliyejifungua. Cheti alikibeba baba yake siku aliyoondoka, na baba yake hakurudi. Duniani kote palibaki mahali pamoja palipoandikwa kwamba alikuja, na namba ya mstari wake ilikuwa ukurasa wa mwisho wa daftari langu, kwa wino mwekundu.

Sikumwambia Mkuu. Haikuwa sababu ya ofisi. Sababu ya ofisi ilitosha.

"Saa nne wageni wako hapa," alisema, mkono bado umenyooshwa. "Wamekuja kuona mfumo mpya unavyotoa nakala. Utawaambia nini? Wasubiri rejesta za marehemu?"

"Wasubiri, Mkuu. Marehemu wamesubiri wiki tatu."

Redio alikohoa akitazama dari.

"Nakuamuru."

"Sawa." Nikasogeza kitabu cha zamu mbele yake, nikafungua kalamu. "Andika hapa. Kwamba umeamuru Mume anyakuliwe kazi ikiwa katikati, na umeelezwa kanda itafutika. Weka saini na saa. Nikishaona saini, nakuvulia kibao na kukupisha. Lakini hiyo amri mkono wangu hautaiandika."

Aliitazama kalamu kama mtu aliyepewa nyoka. Kisha akamgeukia Redio. "Wewe. Kaa kwenye kibodi. Mnyakue."

Redio alikaa. Akaweka vidole. Akanitazama mimi, akakitazama kibao.

"Mkuu, ile amri nimeisahau."

"Umesahau?"

"Kichwa changu chujio, Mkuu. Imeandikwa kwenye daftari la mama."

Daftari lilikuwa mezani. Nililichukua, nikaliweka kwenye kiti, nikalikalia.

Sijui kama kuna njia ya heshima ya kukalia daftari mbele ya mkubwa wako. Nilikunja mikono. Moyoni nilikuwa nikisema, Mungu wangu, nakuogopa wewe, basi niondolee woga wa huyu.

Wageni walikuja, watatu. Mkuu aliwaonyesha taa, nyaya na kiyoyozi. Mmoja wao, mama mtu mzima mwenye kilemba, aliuliza mashine ile inayonguruma inafanya nini. Mkuu akasema ina hitilafu ndogo.

"Haina hitilafu," nikasema. "Iko kazini. Itamaliza saa sita, mkipenda rudini."

Hawakurudi.

Saa sita na dakika nane ngurumo ilikoma. Nikatoa kanda, nikaandika tarehe juu yake kwa mkono, nikaifungia kwenye kabati la chuma. Kisha, kwa kuwa sasa ilikuwa zamu ya Bi Mdogo, Mume akaaga kwa utaratibu wake, nikamkabidhi Redio. Barua ilinikuta nikiandika saa kwenye kitabu. Nimerudishwa kazi ya uhudumu kuanzia kesho. Nirudishe funguo, kitambulisho cha chumba na koti jeupe.

Kibao barua haikukitaja. Nikakitoa msumarini, ili Mume asihamishwe tena bila mimi, nikatoka nacho.

Jioni ile nilikwenda darasani kama kawaida. Mwalimu aliuliza mbona nimevaa kipande cha meza. Wenzangu wakacheka, nami nikacheka nao, halafu nikafungua daftari ukurasa mpya na kuandika kichwa cha somo.

Siku ya tisa, nikiwa nasuuza vikombe, Redio aliingia chumba cha chai bila kubisha.

"Mama! Bi Mkubwa amekata roho!"

"Lini?"

"Sasa hivi! Ametafuna, ametafuna, kimya! Mafundi wameshaweka diski nyingine, lakini ni tupu, mama, tupu kama bakuli la harusi kesho yake."

Nyuma yake alisimama Mkuu. Sikuwahi kumwona akishuka hadi chumba cha chai. Kola yake ilikuwa imetota jasho.

"Mama, kibao kiko wapi?"

Nikakivuta kutoka ndani ya blauzi.

"Twende basi. Kanda yako ipo kabatini. Mnyakue Mume mpe Bi Mkubwa, turudishe rejesta. Dirishani watu wamejaa."

Nikafuta mikono. Nikamwuliza Redio, "Mume anafanya nini?"

Redio akainamisha macho. "Yuko kwa Bi Mdogo. Anaandika vizazi vya mwezi huu. Bado dakika arobaini."

Naomba nisieleweke vibaya. Nilitaka kumnyakua. Nilitaka kuliko Mkuu alivyotaka. Mstari wangu ulikuwa ndani ya kanda ile, na sikujua kama nilichoandika siku ile kingesomeka au kingekwama katikati kama cha kwanza. Vidole viwili vilitosha, na safari hii hakuna ambaye angenizuia. Lakini upande wa pili walikuwa watoto wa watu, wa mwezi huu, wengine hawajafikisha hata siku kumi na moja.

"Tunasubiri," nikasema.

"Mama, unanikomoa?"

"Hapana, Mkuu. Bi Mdogo naye ana haki ya zamu yake."

Tulisubiri chumba cha mashine, wote watatu tumesimama. Nikamwomba Mungu dakika arobaini za subira. Akanipa moja moja. Taa ilipotulia, nilisogeza kitabu cha zamu na kufungua kalamu.

"Na hapa pia?" Mkuu akauliza.

"Hapa pia. Nani ameomba Mume ahamishwe, na nani amehamisha. Mimi leo ni mhudumu, sina ruhusa ya kugusa kitu humu. Niandikie ruhusa."

Aliandika. Mwandiko wake ulikuwa mbaya kuliko wangu. Akaweka saini, akaweka saa, akabaki ameshika kalamu kama anayesubiri chenji.

Nikatoa kanda ya Bi Mdogo. Nikaweka kiganja juu ya kompyuta, na Redio hakutania. Nikaandika amri ya kuachia, kwa vidole viwili. Nikakitundika kibao upande wa Bi Mkubwa. Nikaandika amri ya kupokea. Kisha nikaingiza ile kanda yenye mwandiko wangu, na Mume akaanza kunguruma.

Ilisomeka. Ilipita pale ile nyingine ilipokwamia, ikaendelea.

Saa kumi na moja jioni Mkuu alikuwa ameshakwenda kuwatangazia watu wa dirishani. Hakuniambia asante, wala sikuikosa. Nilivuta kiti kwa Bi Mkubwa, nikafungua ukurasa wa mwisho wa daftari, nikadonoa namba ile tarakimu kwa tarakimu. Skrini ilikaa nyeusi kidogo. Halafu ukaja mstari mmoja. Tarehe mbili, zilizopishana siku kumi na moja. Jina langu mahali pa mama. Na jina lake. Sitaliandika hapa, liko mahali pake.

"Ulikuwa unamtafuta nani, mama?" Redio aliuliza, kwa sauti ndogo ambayo sikujua anayo.

"Mtu wangu."

"Umempata?"

"Yupo."

Nikafunga mstari. Nikatoa kanda, nikaandika saa kwenye kitabu, nikamwacha Mume aage kwa Bi Mkubwa kama nilivyofundishwa, na kukirudisha kibao kwenye msumari wa pili. Darasa lilikuwa linaanza saa kumi na mbili, na zamu ilikuwa ya Bi Mdogo.