Harusi ya Mwalimu

Jumapili moja, baada ya chakula cha mchana, Mwalimu aliwatangazia wanawe wawili kwamba anaolewa. Alilisema kwa sauti ileile aliyokuwa akiitumia kuwaambia watoto wa darasa la pili wafungue ukurasa wa kumi. Alikuwa na miaka sitini na mitatu, mjane wa miaka kumi na mmoja, na mchumba wake alikuwa Fundi Saa, mzee mpole mwenye kibanda cha kutengeneza saa karibu na posta.

Kitinda, binti yake wa mwisho, alicheka kwa furaha mpaka machozi yakamtoka. Kaka yake, dereva wa lori, alisukuma sahani, akainuka, akatoka bila kuaga. Tangu siku hiyo akatia pamba masikioni. Akipigiwa simu yuko barabarani, akifuatwa nyumbani kalala.

Maandalizi yakamwangukia Kitinda. Yeye alikuwa muuguzi, na kazi yake nyingine ilikuwa kupanga zamu za wodi nzima. Mtu aliyeweza kuwapangia zamu wauguzi thelathini bila wawili wao kununiana, harusi ingemshinda vipi? Mama yake alitaka wageni ishirini, si zaidi: waje, wale, waende zao. Kitinda akaandika majina ishirini. Siku ya tatu yakawa sitini, kwa maana Mwalimu alikuwa amefundisha miaka thelathini na minane, na kila aliyejua kusoma pale mtaani alijiona ana haki ya kualikwa. Muuza nyama aliweka kisu chini, akasema hakati kitu mpaka aone jina lake kwenye karatasi. Hata msajili wa ndoa, Kitinda alipokwenda kuomba tarehe, alisoma jina la bibi harusi, akavua miwani, akasema polepole kwamba huyo ndiye aliyemfundisha kushika kalamu. Orodha ilipofika watu mia na arobaini, Kitinda akaenda kuomba uwanja wa shule.

Alimpa kila mtu kazi moja tu, kaiandika kwenye kikaratasi pamoja na saa yake. Hilo alijifunza wodini. Ndugu wa mgonjwa wakianza kufoka, mpe mmoja wao ashike chupa ya maji na mwingine apepee, utaona kelele zinavyoisha. Ndipo akamkumbuka kaka yake. Hakumpelekea mwaliko. Alimwandikia ujumbe mfupi kwamba viti mia na arobaini viko upande wa pili wa mji, vinatakiwa uwanjani Jumamosi saa mbili asubuhi, na hakuna gari lingine la kuvibeba.

Hakujibiwa. Ijumaa nzima alikuwa akichungulia simu. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake alikuwa amepanga jambo bila kuwa na mpango wa pili.

Jumamosi, saa mbili kasoro dakika tano, lori likaingia uwanjani kinyumenyume. Kaka yake akashuka na ovaroli lake la kazi, lina madoa ya grisi mpaka kwenye kola.

"Nashusha viti, naondoka," alisema.

Kitinda akamshukuru na kuondoka haraka, asije akaropoka neno likaharibu mambo. Alikuwa akitandika vitambaa mezani alipomwona kaka yake kasimama na viti viwili mkononi, anatazama turubai la kivuli.

"Nani kafunga hizi kamba?"

Aliyezifunga alikuwa Fundi Saa mwenyewe. Alikuwa kachuchumaa kwenye kigingi cha mwisho, suruali ya suti imekunjwa, anahangaika.  Kitinda alitaka akimbie akasimame katikati yao, lakini akajizuia, akaendelea kunyoosha kitambaa.

Kaka yake aliweka viti chini, akaenda, akalivuta fundo kwa kidole kimoja. Likafunguka.

"Upepo ukija, turubai linakwenda na wageni wake," alisema.

"Mimi nimezoea skrubu ndogo kuliko punje ya mchele," alijibu Fundi Saa. "Kamba sizijui."

Kaka yake akaifunga upya, akaikaza.

"Baba ndiye aliyenifundisha hivi."

 Mzee alilifungua lile fundo, akamrudishia kamba. "Nionyeshe tena, mwanangu. Polepole."

Alimwonyesha mara tatu. Walipofika kigingi cha nne walikuwa wanabishana kuhusu kukaza na kulegeza kama watu waliofanya kazi pamoja miaka, na Kitinda akagundua kwamba anafuta machozi kwa kitambaa cha meza.

Saa nne Mwalimu akawasili, amevaa gauni la buluu. Aliuliza nani atamsindikiza mpaka mbele. Kikaratasi cha kazi hiyo Kitinda alikuwa amekiacha kitupu. Kaka yake alikuwa bado hajaondoka, kasimama kando ya lori anajifuta mikono.

"Mama, sina nguo," alisema, macho chini.

Mwalimu akamtazama juu ya miwani kama anavyomtazama mwanafunzi aliyechelewa. "Mkono unao. Ulete."

Basi wakaingia hivyo, gauni la buluu na ovaroli la grisi. Walipotokeza tu, wageni wote wakasimama kwa mpigo mmoja, vijana kwa wazee, muuza nyama na msajili wa ndoa na rejista yake, wakaitikia kwa sauti moja: "Shikamoo, Mwalimu."

Mwalimu akasita. Midomo ilimcheza, akaibana.

"Marahaba. Kaeni."

Wakakaa, kisha uwanja mzima ukaangua kicheko, na Fundi Saa kule mbele akacheka kuliko wote. Msajili alilazimika kusubiri kwanza apate sauti ya kufungisha ndoa.

Alasiri, viti vilitakiwa kurudi, lakini hakuna aliyekubali kuondoka. Kaka mtu alizunguka mara mbili akiwahimiza watu, mara ya tatu mama yake akamkamata lile ovaroli na kumvuta dansini. Kitinda alivua viatu, akavisukuma chini ya meza, akawafuata.