Kibati cha Skrini ya Shangazi Yueh-o

Mimi ni fundi wa laptopu. Naitwa Chuang Po-jui, na kibanda changu kiko ghorofa ya pili ya jengo moja la kompyuta, Barabara ya Beimen, hapa Tainan. Kwa miaka kumi na tisa watu wamenijua kwa mkono mwepesi na mdomo mkali. Mkono nilijivunia, na mdomo nao, kusema kweli, nilijivunia.

Mwezi wa tano Shangazi Weng Yueh-o, kama tunavyowaita kwa heshima wanawake wa umri wake, aliniletea laptopu yake ya michezo. Alikuwa na miaka sitini na minne, mfupi, nywele zimekatwa kama za mwanafunzi. Feni moja ya mashine ilikuwa inakoroma. Nikamuuliza ni ya mjukuu yupi.

"Ya kwangu," akasema. "Tunacheza watano pale kituo cha wazee. Mwezi ujao tuna mashindano na miji mingine, na mimi ndiye ninayetangulia kuingia vitani."

Kisha akaongeza kwa sauti ya chini, kama mgonjwa anayekiri kwa daktari kwamba bado anavuta sigara, "Nimeisukuma kidogo, fundi."

Kuisukuma mashine ni kuilazimisha chipu ya picha iende mbio kuliko kiwanda kilivyoipangia, ili mchezo usikwame. Vijana wengi hufanya hivyo, na wengine huziunguza. Sikuwahi kumwona mtu wa umri wake akifanya. Nikacheka, nikabadilisha feni, akaondoka nayo jioni ile ile.

Siku ya nne akarudi. Ilikuwa Jumamosi mchana na jengo limefurika. Watu kama kumi walikuwa wamepanga foleni mbele yangu, na jirani yangu Lu, anayeuza kibodi upande wa pili wa ujia, alikuwa amekaa tu akitafuna pera. Shangazi akafungua laptopu juu ya kaunta. Michirizi ya kijani ilikuwa inakatiza skrini, picha ikatetemeka, mara giza, mara ikarudi.

"Imeanza usiku ule ule nilipoichukua kwako," akasema. "Nimekuandikia hapa nilichokiona." Akanisogezea karatasi iliyokunjwa.

Sikuigusa ile karatasi. Niligusa upande wa chini wa mashine, nikaukuta una moto. Hapo nikawa nimeshahukumu.

"Shangazi, hii si supu ya ng'ombe, kwamba ukiona haijaiva unaongeza gesi," nikasema, na nikasema kwa sauti ili foleni isikie. "Umeichoma chipu kwa mkono wako mwenyewe, sasa unakuja kumtafuta fundi?"

Watu wakacheka. Kicheko cha watu ni kama pombe, ukionja unataka tena.

"Lakini nimeirudisha kwenye mwendo wa kiwandani," akasema. "Tangu juzi. Na bado michirizi inakuja. Soma hapo, nime..."

"Mgonjwa akishakufa ndiyo unamwachisha sigara? Nenda kituoni kacheze karata, shangazi. Karata haziungui."

Kicheko kikapasuka. Lu alikuwa ameinua simu yake, anarekodi. Shangazi Yueh-o alifunga laptopu taratibu, akaitia mkobani, akainama kidogo kuwaaga waliokuwa nyuma yake kama kwamba yeye ndiye aliyewachelewesha, akaenda zake. Masikio yake yalikuwa mekundu. Niliyaona vizuri, nikamwita mteja anayefuata.

Karatasi ilibaki kaunta. Jioni, nilipokuwa nasafisha, nikaifungua ili niitupe, nikasoma mstari wa kwanza, kisha nikakaa kitini nikaisoma yote.

Mwandiko ulikuwa mdogo, ulionyooka. Aliandika saa na dakika za kila kosa. Alikuwa ameiunganisha laptopu na televisheni ya nyumbani, akacheza saa mbili: televisheni picha safi, skrini ya laptopu michirizi. Alikuwa amerudisha mwendo wa kiwandani: michirizi ile ile. Alikuwa ameinamisha kifuniko nyuzi tisini, kisha mia na ishirini: michirizi ikibadilika kila kifuniko kikisogea. Mwisho aliandika, "Mimi si fundi, lakini naona kama chipu ni nzima. Naomba uangalie waya unaopeleka picha kwenye skrini, pale ulipofungua."

Hata mwanafunzi wangu wa mwezi mmoja angejua maana yake. Chipu ikiungua, picha huharibika kote, kwenye televisheni na kwenye skrini. Ikiwa televisheni ni safi, kosa liko njiani, kwenye waya. Na katika aina ile ya laptopu huwezi kuitoa feni bila kuuchomoa waya wa skrini, unaobanwa na kibati kidogo cha chuma chenye skrubu moja.

Nikavuta trei yangu ya sumaku. Kibati kilikuwa pale, chini ya skrubu za watu wengine, kidogo kama ukucha wa mtoto. Nilipobadilisha feni sikukirudisha. Waya ulikuwa umekaa bila kubanwa, na kila feni ilipokimbia kwa joto la mchezo, ulicheza tunduni mwake.

Ningeweza kumpigia simu dakika ile ile. Namba yake ilikuwa kwenye daftari. Badala yake nikakitia kibati mfukoni, nikafunga kibanda, nikapanda pikipiki yangu nyumbani. Nilijiambia nitampigia kesho.

Kesho yake Lu alinipokea kwa shangwe. "Kaka Jui, umekuwa nyota! Watu elfu kumi na mbili wamekuona mtandaoni tangu jana!"

"Futa hiyo video, Lu."

"Nifute? Una wazimu? Tazama foleni yako!"

Kweli, foleni ilifika ngazini. Mtu mmoja alitoka Chiayi kwa treni, akaniambia kwamba anataka fundi asiyebembeleza wateja. Nikachukua mashine yake. Nikachukua na za wengine. Kila nilipoingiza mkono mfukoni kutafuta kalamu, nilikigusa kile kibati. Siku tatu zikapita hivyo.

Siku ya nne alikuja mwanamke mrefu, mnyoofu, mwenye sauti ya darasani. Akajitambulisha kuwa ni Shih Hsiu-luan, mwalimu mkuu mstaafu na nahodha wa timu ya kituo cha wazee. Alitaka kipanya cha akiba.

"Nimekuja pia kukushukuru, fundi," akasema. "Tulikuwa hatujui tatizo la Yueh-o. Mazoezini skrini yake inazimika katikati ya vita, tunachinjwa sote. Yeye anasema si kosa lake. Tulipoona ile video ndipo tukaelewa. Tumempa nafasi yake mtu mwingine."

"Mmemtoa?"

"Mtu akiharibu kitu chake kwa tamaa, halafu akamsingizia fundi, huyo timu haimfai. Au nimekosea?"

Aliniuliza waziwazi, akinitazama machoni, akasubiri. Nami nikatikisa kichwa kuonyesha kwamba hakukosea. Nikamfungia kipanya, nikampokea pesa kwa mikono miwili.

Nimefanya mengi maishani ambayo sipendi kuyakumbuka, lakini kile kichwa nilichotikisa ndicho kinachoniamsha usiku. Tusi la Jumamosi lilikuwa la mtu asiyejua. Siku hii nilikuwa najua.

Mchana ule nilifunga mapema, nikachukua bisibisi zangu, nikaenda kwake. Anakaa Wilaya ya Annan, nyumba ya ghorofa mbili yenye miti ya mapapai uani. Alifungua mlango akiwa na aproni. Hakuonyesha mshangao. Akanitolea kandambili za wageni, akanimiminia chai.

"Nimekuja kuitengeneza mashine, shangazi. Bure."

"Haya."

Ilikuwa mezani, imefunikwa kwa kitambaa. Nilipoifungua nikakuta yeye mwenyewe ameuweka waya mahali pake na kuubana kwa vipande vitatu vya utepe wa gundi, vimekatwa sawasawa kwa wembe. Kazi safi. Ila gundi isingestahimili joto.

"Nilifanya ukaguzi wa vitambaa kiwandani miaka thelathini na mmoja," akasema nyuma yangu. "Nilikuwa natafuta uzi mmoja uliokatika katika mita mia. Ukishazoea kutafuta, huachi."

Nikabandua utepe, nikapachika kibati, nikakaza skrubu. Nikawasha. Skrini ikatulia. Kwa idhini yake nikairudisha mashine kwenye mwendo wake wa kusukumwa, ule ule nilioucheka. Nikapima joto kwa nusu saa. Alikuwa ameipandisha kwa hatua ndogo ndogo, kila hatua ameijaribu siku nzima, akaacha nafasi ya kutosha chini ya hatari. Sijui vijana wangapi mjini humu wangekuwa na subira hiyo.

"Kibati umekipata wapi?" akauliza.

"Kwenye trei yangu."

"Lini?"

Nilitaka kusema leo asubuhi. Neno lilikuwa limeshafika ulimini.

"Jumamosi," nikasema. "Jumamosi ile ile jioni. Nilisoma karatasi yako."

Alikaa. Friji ikaanza kunguruma hapo jikoni tulipokaa.

"Kwa hiyo siku nne."

"Siku nne, shangazi. Na leo mwalimu Shih alikuja kuniuliza. Nikamkubalia kwamba ni kosa lako." Nikainama mpaka paji la uso likakaribia meza. "Nisamehe. Sina la kujitetea."

"Inua kichwa, chai inapoa." Sauti yake haikuwa na hasira, ndiyo maana iliuma. "Fundi, nikuulize. Ulinicheka mbele ya nani?"

"Mbele ya watu."

"Na msamaha unauomba wapi?"

Nikakitazama kikombe changu cha chai.

"Binti yangu yuko Taoyuan. Alinipigia akilia, wenzake ofisini walimwonyesha ile video bila kujua mimi ni mama yake. Wewe ukija hapa jikoni kwangu ukainama, aliyeona ni nani? Friji?"

Timu ilikuwa na mazoezi kesho yake saa nne asubuhi. Nilimwomba Lu twende pamoja na simu yake. Alinibishia njia nzima.

"Kaka, utajimaliza. Sema tu mashine ilikuwa na hitilafu, basi. Nani atajua?"

"Mimi najua. Rekodi tu."

Ukumbini kulikuwa na wazee wanane na laptopu zao, harufu ya dawa ya kuchua, na sahani ya nyama ya ng'ombe iliyokaushwa. Shangazi Yueh-o hakuwepo. Nilisimama mbele yao kama mtoto aliyeitwa ubaoni. Nikasema kwamba kosa lilikuwa langu, si lake. Nikawaonyesha kwenye simu picha niliyopiga jana ya kitundu kisicho na skrubu, nikawasomea karatasi yake neno kwa neno. Nikasema siku niliyojua, na siku ngapi nilikaa kimya. Nikamgeukia mwalimu Shih: "Na jana uliponiuliza kama umekosea, nilikudanganya kwa kichwa changu."

Mzee mmoja akasema, "Ala! Basi mdomo wote ule, kumbe skrubu moja imekushinda!" Wakacheka. Safari hii nilikuwa upande wa pili wa kicheko. Mwalimu Shih peke yake hakucheka. Alikuwa amevua miwani na anaifuta, anaifuta, mpaka nikaona kwamba aibu haikuwa yangu tu.

"Na sisi hatukumuuliza," akasema. "Miaka sita tunacheza naye, na hatukumuuliza."

Video ya pili ilitazamwa na watu mia tatu na kidogo. Lu alikuwa amenionya, anayeomba radhi hachekeshi. Foleni yangu ikapungua. Yule wa Chiayi alikuja kuchukua mashine yake kabla sijaifungua, na sikumlaumu.

Walikwenda kumwomba Shangazi Yueh-o arudi. Alirudi, lakini baada ya wiki mbili, na kwa sharti kwamba abaki kwenye akiba. Alisema mwenzake aliyepewa nafasi hana hatia, asitolewe kama alivyotolewa yeye. Kwenye mashindano alicheza mzunguko mmoja tu. Nilikaa viti vya nyuma kabisa nikiitazama skrini yake zaidi ya nilivyoutazama mchezo. Haikutetemeka hata mara moja. Walishinda mzunguko ule, wakafungwa uliofuata na wazee wa Pingtung waliokuwa wepesi kuliko wao.

Watu walipokuwa wanatoka nilijibanza kando ya ngazi, nikitumaini atapita bila kuniona. Nilisikia kwamba feni ya pili ya mashine yake ilipoanza kukoroma aliipeleka kwa fundi mwingine, mtaa wa tatu. Akaniona. Akasimama hatua mbili mbali, mkoba begani.

"Umeshakula?" akauliza, kama tunavyosalimiana hapa kwetu.

"Bado, shangazi."

"Saa nane hii? Haya, nenda ukale."

Akashuka na wenzake, wakibishana nani alichelewa kumsaidia nani pale mwishoni. Nikabaki palepale mpaka walinzi walipoanza kukunja viti.