Matuta Kumi na Mawili

Mashavu alikuwa na umri wa miaka thelathini na minane, na kwa miaka sita ya mwisho mwili ulikuwa ukimuuma bila kukoma. Maumivu yalianzia shingoni, yakashuka mabegani, kiunoni na magotini. Hayakuwa na uvimbe wala homa. Hospitalini Korogwe walipima damu, wakapiga picha ya mgongo, wakakuta kila kitu mahali pake. Majibu hayo, ambayo yangemfariji mtu mwingine, ndiyo yaliyomharibia jina kijijini.

Kijiji chao, Kwemvumo, upande wa Handeni, kilikuwa na mwaka mmoja tangu watu wahamie. Shamba la ujamaa lililimwa Jumanne, Jumatano na Jumamosi. Kila mtu mzima alipewa ngwe yake, yaani kipande cha hatua sabini kwenda mbele na hatua tatu upana, na watu wakaenda sambamba. Aliyebaki nyuma hakuachwa. Jirani yake wa mkono wa kulia, akishamaliza yake, alirudi kummalizia. Hakuna aliyeiandika sheria hiyo. Ilikuwapo kabla ya ujamaa, na ujamaa uliikuta.

Jirani wa kulia wa Mashavu alikuwa wifi yake Chausiku, dada wa mume wake. Mume mwenyewe, Isihaka, alikata mkonge Korogwe na kurudi mwisho wa mwezi. Kwa msimu mzima Chausiku alimaliza ngwe mbili, yake na nusu ya wifi yake. Alifanya hivyo bila kukosa, na bila kunyamaza.

“Wifi yangu anaumwa ugonjwa msomi,” aliwaambia wanawake kisimani. “Unaijua Jumanne, unaijua Jumamosi. Ijumaa unapumzika.”

Wanawake walicheka. Mashavu naye alicheka kidogo, kwa sababu kutocheka kungekuwa kukiri.

Machi 1975 alikwenda tena Korogwe, akafikia kwa dada yake, mtaa wa Manundu. Safari hii alimwona daktari mwingine, Kaleb, Msambaa wa makamo aliyekuwa na tabia ya kuuliza swali moja mara mbili kwa maneno tofauti. Alimbonyeza mahali kumi na nane mwilini, akahesabu alikoshtuka. Kisha akasema kwamba maumivu yake ni ya kweli, kwamba picha haiwezi kuyaonyesha, na kwamba hana dawa ya kuyaondoa. Alikuwa na vidonge vilivyotengenezwa kwa ajili ya wagonjwa wa huzuni, ambavyo kwa kiasi kidogo viliwapunguzia maumivu baadhi ya watu. Hakusema wote. Wiki ya kwanza ameze nusu kidonge kila usiku, baada ya hapo kizima. Kinywa kitakauka, asubuhi kichwa kitakuwa kizito, akiinuka ghafla ataona kizunguzungu. Nafuu, kama ipo, isitazamiwe kabla ya wiki ya tatu.

“Vidonge hivi ni vichache,” alisema. “Ukirudi tarehe kumi na tano Mei uniambie vimekusaidia kiasi gani. Usiniambie ‘hivi hivi’ wala ‘afadhali’. Kila mgonjwa huniambia afadhali, ananionea haya. Nikikosa jibu la maana nitampa mwingine.”

Alimwandikia barua ya kazi nyepesi mpaka siku hiyo. Mwenyekiti wa kijiji aliipokea, akampanga kupika uji wa watoto siku za shamba, na akasema mbele ya wajumbe kwamba barua ina mwisho. Ikifika tarehe hiyo Mashavu atarudi kwenye ngwe nzima, na akishindwa, jina lake litasomwa mkutanoni pamoja na majina ya wazembe.

Hivyo alikuwa na wiki saba za kupata kipimo cha kitu kisichoonekana. Alilifikiria jambo hilo njia nzima ndani ya basi. Kuhesabu siku mbaya na siku nzuri hakungefaa, kwa maana siku mbaya ya mwezi huu ingeweza kuwa nzuri ya mwezi uliopita. Alihitaji kitu kimoja, kifanywe vilevile kila mara. Nyuma ya nyumba yake palikuwa na kiwanja kitupu, na mvua za masika zilikuwa zimeanza. Aliamua kupanda viazi vitamu. Kila Jumatatu na Alhamisi, saa kumi alasiri, angeanza tuta moja kutoka kwenye njia, kwa jembe lilelile, na mabega yakikataa angeacha na kuchomeka kijiti. Siku ambayo dawa ilimlemea angefunga kitambaa chekundu kwenye kijiti hicho, ili asije akachanganya uchovu wa dawa na uchovu wa ugonjwa.

Tuta la kwanza lilikuwa na hatua kumi na moja. La pili, kumi na moja. Kisha akaanza kidonge kizima, na la tatu likawa na tisa, pamoja na kitambaa chekundu. Jumatano ya wiki hiyo alisinzia mbele ya sufuria, uji wa watoto arobaini ukaungua. Chausiku aliposikia alisema dawa gani hiyo, mgonjwa anapona kwa kulala. Ulimi wa Mashavu ulikuwa mkavu kama gome, na alikunywa maji hata watu wakauliza kama ana mimba.

Tuta la nne lilikuwa na hatua kumi, na kitambaa. Alifikiria kuacha. Kilichomzuia hakikuwa matumaini. Alikuwa bado hajafika wiki ya tatu, na daktari alikuwa ametaja wiki ya tatu. Badala ya kuacha alibadili saa. Alikuwa akimeza baada ya sala ya isha, anapoingia kitandani. Sasa alimeza mara tu baada ya magharibi, kabla ya kula, ili uzito uanze mapema na kuisha mapema. Siku ya nne ya mpango huo aliamka na jogoo, kichwa kikiwa chepesi. Tuta la tano lilikuwa na hatua kumi na tatu. La sita kumi na tano, la saba kumi na nane, la nane ishirini. Vitambaa havikuongezeka.

Siku ya tuta la tisa alijisikia mzima. Hakusimama mabega yalipokataa. Alikwenda hadi hatua thelathini na moja, akasimama kulitazama, akafurahi. Siku mbili zilizofuata hakuweza kuinua mkono kusuka nywele. Tuta la kumi lilikuwa na hatua sita. Hakurudia tena kosa hilo. La kumi na moja ishirini na moja, la kumi na mbili ishirini na mbili.

Hakumweleza mtu yeyote maana ya vijiti. Aliona kwamba wakijua mapema wangesema anajipimia uvivu.

Ijumaa, siku iliyofuata tuta la mwisho, alitoka uani akakuta vijiti vyote vimeng'olewa. Chausiku alikuwa amevikusanya kwenye kanga na kuvipeleka kwa mzee Semboja, balozi wa nyumba zao kumi, ambaye ndiye pia aliyepima ngwe shambani. Alidai ni fingo, dawa ya kichawi ya kuchimbiwa ardhini. Vijiti vyenye vitambaa vyekundu, vimepangwa kuelekea shamba la ujamaa, na mwenye navyo hasemi neno: kama si kuzindika, ni nini? Wengine wanalima, mtu anawafunga migongo.

Baada ya sala ya Ijumaa Semboja alikuja na vijiti mkononi, na Chausiku nyuma yake. Mashavu aliwawekea vigoda.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba. Hivi ni vyako?”

“Ni vyangu.”

Alimweleza kila kijiti, kuanzia cha kwanza. Semboja hakuketi. Alikwenda kwenye kiwanja, akasimama njiani matuta yalipoanzia. Vijiti havikuwapo, lakini matuta yalikuwapo, moja kando ya jingine, na viazi vya upande wa kwanza vilikuwa vimeshatambaa. Alilipima kila tuta kwa hatua zake mwenyewe, kwenda na kurudi, midomo ikicheza. Kwenye lile la hatua sita alichuchumaa, akalishika lile refu lililolitangulia, akabonyeza udongo.

“Hapa ulijidanganya,” alisema.

“Ndiyo.”

“Mchawi hajipunguzii,” Semboja alimwambia Chausiku, bila kugeuka. “Huyu amejipunguzia mwenyewe.”

Chausiku alisema kwamba kama ni hivyo, basi vizuri, lakini matuta ya viazi hayapalilii mahindi ya shambani, na yeye mgongo wake nao ni wa mtu. Semboja alikubali kwamba neno hilo ni kweli. Alisimama akihesabu kwa vidole. Hatua moja ya tuta, alisema, ni kazi ya hatua mbili za palizi. Ishirini na mbili mara mbili ni arobaini na nne.

“Kesho uje shambani,” alimwambia Mashavu. “Nitachomeka kigingi kwenye hatua ya arobaini na nne. Ukifika, nitakuwa nimeona. Jumanne ukirudi, nitakuwa nimeamini.”

Jumamosi alilima katika mstari, Chausiku kuliani kwake. Alifika kwenye kigingi jua likiwa bado upande, mikono ikiwa na nguvu iliyobaki. Watu walikuwa wakitazama. Mbele yake palikuwa na hatua ishirini na sita za magugu laini ya mvua.

“Malizia tu, wifi,” Chausiku alisema kwa sauti ya chini, na safari hii hakuwa akikejeli. “Unaweza. Nakuona.”

“Naweza,” Mashavu alisema. “Jumanne sitaweza.”

Akaegemeza jembe begani, akatoka shambani. Nyuma yake kuna mtu aliyeguna.

Jumanne alifika kabla rimu ya lori, iliyokuwa kengele ya shamba, haijagongwa. Alilima hatua arobaini na nne. Jumatano vilevile. Jioni ya siku hiyo Semboja aliwaambia wajumbe kwamba ngwe ya Mashavu itakatiwa hapo, na kipande kilichobaki kitagawiwa mstari mzima, hatua moja moja na mbili mbili, kisimwangukie jirani mmoja. Mjumbe mmoja aliuliza kama kila mwenye maumivu sasa atapimiwa yake. Semboja alijibu kwamba kila atakayelima matuta kumi na mawili atapimiwa.

Alhamisi, Korogwe, Daktari Kaleb aliuliza dawa imemsaidia kiasi gani.

“Mara mbili,” Mashavu alisema. “Nilikuwa hatua kumi na moja, sasa ishirini na mbili. Imesimama hapo. Sidhani itaendelea.”

Daktari alimtazama, akaandika, kisha akauliza tena kwa maneno tofauti. Alipata jibu lilelile. Alimpa vidonge vya miezi miwili.