Mwamvua si Mwamvuli

Eda ya Mwamvua ilipokwisha, shemeji yake Maganga alifika Nyarugusu na kanzu mpya, akaanza kuchukua. Alichukua baiskeli ya marehemu kaka yake, akachukua koti lake la mgodini, akachukua na mwamvuli mweusi uliotundikwa nyuma ya mlango. Hakumuuliza mtu. Kisha, bila haya wala soni, akatangaza kwamba Ijumaa atamchukua na mjane.

"Ng'ombe wa ukoo wetu walishakwenda kwao," aliwaambia majirani. "Mke wa kaka yangu aende wapi tena?"

Ukoo gani huo, jamani, unaomweka mtu fungu moja na baiskeli? Na huyo Maganga ndiye aliyekuwa haukosi msikiti, safu ya mbele, alama ya sijda imemtoka kwenye paji la uso.

Mwamvua hakumtaka, kwa heri wala kwa shari. Alitaka kubaki na wanawe katika nyumba aliyoikandika kwa mikono yake. Lakini Ijumaa ikafika, wanaume wakajaa sebuleni, yeye akakalishwa chumbani nyuma ya pazia. Baba yake mdogo, aliyekuwa walii wake, akaingia.

"Mwanangu, Maganga anataka kukuoa. Umekubali?"

Mwamvua akageuza uso ukutani. Kwa mama yake alifundishwa kwamba mtu akikuuliza jambo la kukudhalilisha, usimpe hata neno. Kunyamaza kwake ndiko kulikokuwa kukataa, tena kukataa kwa moyo wote.

Baba mdogo akatoka. "Amenyamaza," alisema.

"Basi ameridhia," Maganga akadakia, meno yote nje. "Mwalimu, tufungie ndoa."

Mwamvua aliyasikia hayo kule chumbani. Kumbe hata kimya chake wamekirithi.

Mwalimu Songoro, aliyeitwa kutoka Kalangalala, hakutikisika. "Kimya ni ridhaa ya mwari," alisema. "Huyu alishaolewa. Mjane husema mwenyewe. Na Kurani imekataza kuwarithi wanawake kwa nguvu. Kamuulizeni tena."

"Mwalimu, hii ni mila yetu," Maganga akashikilia.

"Kama ni mila, mimi mmeniitia nini?"

Baba mdogo hata hajainuka kwenda kumuuliza. Mwamvua alisukuma pazia, akatoka, mtandio kichwani.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, binti yangu. Sema."

Akaenda moja kwa moja hadi alipokaa Maganga na ule mwamvuli magotini.

"Shemeji, huo uliuchukua bila kuuliza kwa kuwa hauna mdomo," alisema. "Mimi ni Mwamvua, si mwamvuli. Sikutaki."

Akauchomoa mwamvuli magotini mwake, akautundika nyuma ya mlango, uwangoje watoto wa marehemu. Kisha akaufungua mlango ule wazi kabisa, akasimama pembeni, akamsubiri Maganga atoke.