Delphine na Bonasi ya Jeshi

Dada yangu Delphine alimwambia bosi wetu kwamba anakwenda kung'oa jino. Jioni akarudi mgahawani akicheka peke yake, meno yote yakionekana.

"Jino liko wapi?" nikamuuliza.

"Jino gani? Wanda, shika hiyo sahani vizuri. Elfu ishirini!"

"Ishirini nini?"

"Dola! Bonasi ya kujiunga na jeshi. Wanatafuta watu wa kukunja miavuli ya askari wanaoruka kutoka kwenye ndege. Mtihani nimepita, daktari nimepita, sahihi nimetia!"

Alikuwa amebakiza miezi miwili kufika umri ambao jeshi halikuchukui tena. Miaka kumi na sita alikuwa akikaanga mayai hapa mjini kwetu Wewoka, na hakuwahi kupanda ndege. Tulikumbatiana mpaka chapati za maji zikaungua.

Kosa langu ni kumpigia simu mama. Kufika Jumapili kanisa zima lilikuwa na habari, na Jumatano lori likasimama mbele ya nyumba ya mama, likashusha bafu la maji moto la watu sita, la kuwekwa uani, ambalo mama alilikopa kwa kutegemea bonasi.

"Mama!" Delphine akapiga kelele. "Pesa sijapewa! Mkataba unasema mpaka nimalize mafunzo!"

Mama hakubishana. Alichukua mkoba, akaenda moja kwa moja ofisini kwa Sajenti Ocasio, aliyemwandikisha Delphine, sisi tukimkimbilia nyuma.

"Afande, nipe fomu na mimi, nipate bonasi yangu."

"Una miaka mingapi, mama?"

"Sitini na mitatu. Lakini magoti ni ya arobaini."

Kabla hajajibiwa, akalala kifudifudi kwenye zulia na kuanza kupiga pushapu. Sajenti akajikuta anahesabu. Ilipofika ya tisa sauti ilimpotea Sajenti kwa kicheko, ya kumi na moja mama akalala chali, naye akicheka.

"Fomu sina," Sajenti akasema akijifuta machozi, "ila ningekuwa nayo, ungekuwa jenerali."

Bafu halikurudi. Mwenye duka alikubali kusubiri, na siku nane zilizobaki kabla Delphine hajaondoka, nusu ya mtaa ilipita uani kwetu kujiloweka. Mchungaji aliingia majini na soksi. Sajenti Ocasio alikuja na familia yake na sinia la kambare wa kukaanga. Delphine alipanda basi la jeshi nywele zikiwa bado zimelowa, akitupungia taulo dirishani.

Mafunzo yalimtoa jasho. Barua zake za mwanzo zilikuwa fupi, na moja ilikuwa na maneno mawili tu: "Miguu yangu." Lakini alimaliza. Nusu ya bonasi ikaingia, bafu likalipiwa, na wala hakuitaja bonasi aliponipigia simu wiki iliyofuata.

"Wanda, nimeruka!"

"Umeruka wapi?"

"Kwenye ndege! Wakunjaji wote lazima waruke na mwavuli waliokunja wenyewe. Nilikuwa nasali, nalia, natukana, yote kwa pamoja. Halafu ukafunguka, Wanda. Ukafunguka puu! Kukawa kimya, miti midogo kama brokoli."

"Uliogopa?"

"Sana! Kesho naruka tena."

Nikafungua spika, nikaiweka simu juu ya kaunta, wateja wote wamsikie anavyocheka.