Kitabu Kilichoanzia Mwisho

Je, umewahi kushika kitabu ambacho ukikifungua mwanzo unakuta watu wanaagana, na ukifika mwisho ndipo mtoto anazaliwa? Mimi nimekishika. Nilikishika barazani kwetu Ng'ambo, hapa Tabora, mwaka wa sabini na tano, na aliyekifunga ni baba yangu mzazi, Mzee Nassibu, fundi aliyefuatwa na watu kutoka Ujiji mpaka Igunga.

Ngoja niende taratibu, maana nikiruka nitaacha vitu njiani.

Kazi ya baba ilikuwa kufunga vitabu. Misahafu iliyochakaa, juzuu za chuoni zilizoliwa na mchwa, vitabu vya maulidi vilivyolowa mafuta ya taa, vyote vilikuja kwake. Alikuwa na vifaa vichache na kila kimoja na mahali pake: msharasi wa kutobolea, mfupa wa mguu wa mbuzi wa kulainishia mikunjo, mbao mbili za mninga za kubania, na jiwe la kusagia aliloziwekea juu. Gundi aliipika mwenyewe kwa unga wa muhogo, akatia mrututu kidogo ili wadudu wasiisogelee. Uzi aliupitisha kwenye donge la nta. Nta ya kwetu huku, unajua, ukiishika asubuhi mkono unanukia asali mpaka jioni.

Kabla ya kugusa kitabu chochote chenye neno la Mungu alitia udhu. Wateja wake walikuwa Waislamu wenzake, lakini siku moja moja alikuja Mmoraviani na tenzi zake au Mkatoliki na kitabu cha sala, naye alitia udhu vilevile. Shangazi Tatu, dada yake, alimwuliza mara moja kama hiyo si kupoteza maji. Baba akamjibu kwamba maji ni ya kisima na kisima hakijalalamika.

Sasa mwaka ule kulikuwa na kisomo cha watu wazima. Mimi, Kuluthumu, niliyeishia darasa la nne, ndiye niliyekuwa mwalimu wa mtaa wetu, na darasa langu lilikaa palepale barazani, alasiri. Wanafunzi walikuwa kumi na mmoja, akiwemo shangazi Tatu, aliyeshika chaki kama anavyoshika mwiko. Ubao wangu ulikuwa kipande cha mlango wa zamani kilichopakwa masizi. Mwezi wa nane ungekuja mtihani, na balozi wetu wa nyumba kumi, Mzee Lugembe, alitaka kila jina kwenye daftari lake liwe limesoma.

Jina moja lilikuwa linamsumbua. Aliandika kwenye fomu ya kisomo, kwa kalamu nyekundu: Nassibu, hajui kusoma wala kuandika.

Baba akasomewa hilo. Yeye alikuwa amehitimu msahafu akiwa kijana. Barua za Kiswahili kwa kaka yake wa Ujiji aliziandika kwa herufi za Kiarabu, mwandiko ulionyooka kama mshono. Akamwambia balozi, kwa upole tu, kwamba kuna watu wanasoma kutoka kushoto na kuna watu wanasoma kutoka kulia, na kwamba hajawahi kusikia wa kushoto akiitwa mjinga. Mzee Lugembe akasema yeye hakutunga fomu, fomu imetoka juu. Baba akarudi kwenye msharasi wake, na tangu siku hiyo neno kisomo halikutajwa mbele yake.

Lakini mimi nilikuwa na macho. Darasa likianza, baba alihamishia kazi yake ncha ya pili ya baraza. Wanafunzi wakisoma kwa pamoja, msharasi ulinyamaza. Wakinyamaza, msharasi uliendelea. Na siku moja nikipanga vifaa vyake niligeuza lile donge la nta, nikakuta chini yake kumechorwa kwa ukucha: KA. Kando yake KU, imepinda kidogo. Nililirudisha vilevile, upande wa herufi chini. Mtu wa heshima zake humvuti mkono. Unamwachia njia na unasubiri.

Nikiwa katika kusubiri, mdogo wangu Zamda akajifungua huko Igunga, nikaenda kumlea majuma mawili. Darasa nilimwachia shangazi Tatu alisimamie. Huku nyuma ndiko mambo yalikotokea.

Alikuja mtu kutoka Lusu, upande wa Nzega, jina lake Eustace. Alikuwa katekista wa kigango, watu wakimwita Mwalimu, mrefu, mpole, na kaptura yake ilikuwa imenyooshwa kwa pasi ya mkaa mpaka ikasimama. Watu wa kwao walikuwa wamehamia kijiji kipya cha ujamaa, na katika kuhama, kitabu kikubwa cha Injili nne kilipanda lori pamoja na mitungi na kuku. Mvua ikanyesha. Jalada likaoza, nyuzi zikakatika, na alichomletea baba kilikuwa mafungu ya karatasi yaliyofungwa ndani ya khanga. Alieleza kwamba Padre angekuja kijiji kipya kwa mara ya kwanza siku ya sikukuu ya kuzaliwa kwa Yohane Mbatizaji, na kitabu kisomwe siku hiyo mbele ya watu wote. Baba akamwambia arudi baada ya siku sita.

Zamani, vitabu vya namna hiyo vikija, baba aliniita nimpangie. Safari hii sikuwepo, na shangazi Tatu alijitolea, akisema sasa yeye msomi. Baba akamwambia akachemshe gundi.

Alitia udhu, akatandika mkeka, akayapanga mafungu mwenyewe. Tarakimu alizijua vizuri, za kwenye kalenda na za kwenye mizani ya sokoni. Fungu la kwanza akaliweka juu, la pili chini yake, hivyo hivyo mpaka la mwisho. Kosa lake halikuwa katika kuhesabu. Aliyapanga mgongo ukiwa mkono wa kulia, kama alivyopanga kila kitabu alichokipanga mwenyewe kwa miaka arobaini, maana kwake hapo ndipo kitabu kinapoanzia; anayekifungua kwa kushoto angekutana na fungu la mwisho kwanza. Akashona, akabana, akavika ngozi ya mbuzi nyekundu, na akaweka ule ulimi wa ngozi unaofunika kurasa, aliouwekea misahafu mizuri peke yake. Shangazi aliniambia hajamwona kaka yake akifurahia kazi namna ile. Bwana Eustace alipokuja kukichukua alikipokea kwa mikono miwili, na kwa kuogopa kukichafua hakukifungua. Akakizungushia ile khanga, akapanda lori.

Yaliyompata huko alitusimulia mwenyewe, maana alirudi. Nilikuwa nimefika kutoka Igunga jana yake. Alasiri tunajiandaa na darasa, nikamwona anaingia na kitabu kwapani na kibuyu cha asali mkononi. Akamwamkia baba shikamoo, baba akaitikia marahaba, wakaulizana habari za Lusu, mifugo, mvua, mpunga, na muda wote huo baba anakitazama kibuyu na mimi nakitazama kitabu. Nikajua kimerudi na kasoro.

Mwishowe Bwana Eustace akakohoa.

"Mzee, kazi yako ni nzuri, Padre mwenyewe amesifu ile ngozi. Ila kwetu sisi, Yesu amefufuka kabla hajazaliwa."

Shangazi Tatu akaangusha chaki.

Alieleza bila kinyongo. Siku ya sikukuu kanisa la nyasi lilijaa mpaka nje, Padre amekaa, watu wamesimama kusikia Injili. Alipofungua mwanzo akakuta mitume wanavua samaki baada ya ufufuko. Akageuza, akarudi kwenye mateso. Akageuza, akakuta harusi ya Kana. Kila fungu ndani yake lilikuwa sawa, lakini fungu lenyewe limekaa mahali pa mwenzake, na kila alipokaribia habari ya Yohane ikamkimbia. Watoto wakaanza kucheka. Akakifunga kitabu, akakikumbatia, akaisimulia Injili yote kwa kichwa, tangu Zakaria kuingia hekaluni. Baada ya misa Padre alimwambia kwamba amehudumu miaka mingi na hajawahi kuona watu wakisikiliza vile.

Nilimwangalia baba. Uso wake ulikuwa umeshuka. Alikichukua kitabu, akakifungua kwa kulia, kisha kwa kushoto, kisha akakiweka juu ya mkeka taratibu, kama mtu anayelaza mtoto asiye wake.

"Nisamehe, Mwalimu," akasema. "Nimekufungia kitabu kwa mkono wangu, si kwa mkono wake chenyewe."

Bwana Eustace akasema hakuja kudai kuombwa radhi, amekuja kitengenezwe, na asali ni ya nyumbani tu. Baba akaenda kutia udhu. Aliporudi alikata nyuzi zote, moja baada ya moja, na mafungu yakatapakaa mkekani. Wanafunzi wangu walikuwa wameshafika, nikawaambia wakae, leo tutasoma kwa macho.

Baba na mgeni wake wakaanza kupanga, safari hii mgongo mkono wa kushoto. Bwana Eustace alisoma mstari wa juu wa kila fungu ili wahakikishe, na baba aliliweka panapostahili. Walipofika Injili ya Luka, Bwana Eustace alisoma mstari mmoja, na baba hakuchukua fungu.

"Zakaria yupi huyo?" akauliza.

"Baba yake Yohane, mzee. Alikuwa kuhani, mzee kama wewe, mkewe hana mtoto."

"Huyo ni Nabii Zakaria, baba yake Yahya. Huyo namjua. Endelea."

Basi akaendelea. Alisoma jinsi malaika alivyomtokea yule mzee, na jinsi alivyoambiwa atapata mwana, na jinsi alivyokuwa bubu mpaka siku ya mtoto kuzaliwa. Hapo baba akainua kidole. Akasoma aya za Kurani kwa Kiarabu, polepole, macho kayafumba, kisha akatueleza kwa Kiswahili kwamba kwao Zakaria alimwomba Mungu kwa sauti ya chini, mifupa imedhoofika na kichwa kimejaa mvi, na alama aliyopewa ilikuwa kutosema na watu siku tatu, naye akawaashiria tu wamtukuze Mungu asubuhi na jioni. Bwana Eustace alisikiliza mdomo wazi. Akasema siku tatu na miezi tisa ni mbalimbali. Baba akakubali ni mbalimbali, na akasema yeye hana ruhusa ya kupunguza wala kuongeza.

"Siku tatu au miezi tisa," shangazi Tatu akasema kutoka darasani, "mwanamume kunyamaza hivyo ni muujiza tosha."

Hata baba alicheka. Akamwomba Bwana Eustace amalizie.

Ilibaki habari ya kumpa mtoto jina. Majirani walitaka aitwe jina la babaye. Mama akakataa. Wakamgeukia mzee wakimwuliza kwa ishara. Naye, kwa kuwa hakuweza kusema, akaomba kibao, akaandika kwamba jina lake ni Yohane. Na papo hapo ulimi wake ukafunguka.

Baba alikaa na fungu mkononi.

"Aliandika kwa herufi zipi?"

Bwana Eustace akafikiri. Alisema aliwahi kumsikia Padre akieleza kwamba maandishi ya watu wale yanatoka kulia kwenda kushoto.

"Kulia?"

"Ndivyo alivyosema, mzee."

"Basi mimi na Zakaria tungefungiana vitabu bila ugomvi," baba akasema, na safari hii alicheka mpaka akajifuta macho.

Walimaliza kupanga jua likiwa bado juu ya bati la jirani. Baba akapitisha uzi kwenye nta, akashona fungu la kwanza na la pili, Bwana Eustace akimshikilia ubao wa mninga usicheze. Nami nikageukia darasa langu, nikaandika ubaoni neno la siku ile, ka-la-mu, wanafunzi wakaanza kulisoma kwa pamoja. Nilisikia msharasi ukinyamaza. Sikugeuka. Nilingoja uendelee kama kawaida yake, haukuendelea.

Nikasikia mkeka unaburutwa. Baba alikuwa amesimama katikati ya baraza, mkeka wake mkono mmoja, donge la nta mkono wa pili, upande wenye herufi ukiangalia juu, mbele za watu wote. Shangazi Tatu akamsogelea mwenzake wa kando ili kumpa baba nafasi.

Baba alitandika mkeka mbele kabisa, karibu na miguu yangu, akakaa.

"Miaka arobaini nawashonea watu vitabu," akasema, "na hivi vya kushoto nikishavifunga naagana navyo bila kujua vimesema nini. Kuluthumu, mwanangu, nipe huo ubao. Nilikuwa nataka kusoma tangu siku ile ya kwanza ulipouleta."