Jina la Mwisho Ukutani

Kwa miaka ishirini na sita nimekaa dirisha namba mbili la ofisi ya usajili wa vizazi, na kazi yangu, ukiacha kugonga mihuri, imekuwa kuwaokoa watoto na wazazi wao. Kuna baba alitaka kumwita mwanawe Jenereta. Kuna mama alikuja na jina refu kama barua ya maombi ya kazi. Wote niliwaweka kitako, nikawabembeleza, wakaondoka na majina ya watu. Wenzangu wameniita Bwana Tafakari, kwa kuwa ndilo neno langu la kwanza kwa kila mzazi. Kusema hapana bila kumuudhi mtu ni kazi niliyoijua vizuri kuliko nyingine yoyote.

Halafu binti yangu akajifungua. Mume wake ni dereva wa malori ya masafa marefu, kwa hiyo alikuja kulelewa uzazi kwangu, chumba cha nyuma, na siku ya nne akaniita nimwone mtoto akiwa macho.

"Jina tumeshapata, Baba. Anaitwa Tisa."

Nilicheka. Nilidhani ananitania, maana ananijua.

"Hiyo namba, mwanangu."

"Ni jina. Liko ukutani kule kiwandani, la mwisho kabisa chini."

Kicheko kikanikauka. Ukuta huo kila mtu hapa mjini anaujua. Zamani palikuwa na kiwanda cha viberiti, siku hizi ni ghala la saruji, na kwenye ukuta wa mbele wamebandika jiwe lenye majina ya wanawake thelathini na mmoja walioungua ndani mchana mmoja. Wasimamizi wa kiwanda kile hawakujisumbua kujua majina ya wafanyakazi. Kila mwanamke aliitwa kwa namba ya meza yake ya kupakia. Baada ya moto, thelathini walidaiwa na ndugu zao, wakapata majina yao kamili. Mmoja hakudaiwa na mtu. Akaandikwa vile walivyomwita wenzake wa meza za jirani.

"Nimewapeleka wanafunzi pale miaka sita mfululizo," binti yangu alisema. Yeye ni mwalimu wa shule ya msingi. "Wale wenzake waliopona kwa kuruka dirishani walisema ndiye aliyekuwa anagonga geti na kuita mpaka mwisho. Wote wana watu wao, Baba. Yeye hana. Basi mimi nimempa mtu."

Ungekuwa mimi ungesema nini? Maana aliyekuwa na ufunguo wa geti lile ni baba yangu, na baba yangu alikuwa sebuleni, hatua kumi kutoka pale, anakunywa chai yake ya pili akiamini ni ya kwanza.

Geti lilifungwa kwa nje kila zamu, viberiti visiibwe. Amri ilikuwa lisifunguliwe kabla ya saa kumi bila ruhusa ya meneja. Moshi ulipoanza kutoka, baba, kijana wa miaka ishirini na mbili mwenye ufunguo mfukoni, alikimbia kuomba ruhusa. Nyumba ya meneja ilikuwa ng'ambo ya barabara. Meneja alikuwa bafuni. Baba akasubiri barazani, kwa adabu, kama alivyofundishwa. Ruhusa alipewa. Alirudi nayo mbio, na hakukuwa tena na anayeita.

Ripoti ilimtaja kama mlinzi wa zamu, basi, na kampuni ikamhamishia mbali. Alirudi mzee, mwenye upara, akiwa na mimi na familia yangu, na hakuna aliyemtambua. Aliniambia asubuhi moja nikiwa namnyoa ndevu, povu bado shavuni. Akanishika mkono wenye wembe.

"Wewe jua. Ila mjukuu wangu asijue. Yeye ananitazama vizuri."

Mke wangu alifariki binti yetu akiwa na miaka mitatu. Aliyemsuka, akampeleka shule, akasimama mstari wa mbele siku ya mahafali yake huku akilia bila haya, ni Babu yake. Kumkataza jina lile bila sababu kulinishinda, na sababu niliyokuwa nayo ingemuua mmoja wao.

Lakini nilijaribu. Nilimwambia atachekwa shuleni. Akasema yeye ndiye mwalimu, wacheke aone. Nikasema sheria hairuhusu namba.

"Nioneshe kifungu."

Hakuna kifungu. Nilimlea mwenyewe asikubali maneno matupu, sasa nikavuna nilichopanda.

"Tafakari kidogo, mwanangu."

"Baba, usinifanyie dirisha namba mbili."

Jumatatu nikaijaza fomu kwa mkono wangu. Nilikaa na kalamu juu ya kile kisanduku mpaka mwenzangu wa dirisha la kwanza akaniuliza kama naumwa. Nilifikiria kuandika jina lingine, nidai ni makosa ya kuandika. Nikaandika Tisa. Niliogopa, na huo ndio ukweli.

Alasiri yake binti yangu akambeba mtoto hadi sebuleni. Babu akanyoosha mikono yote miwili, uso umemchanua.

"Mpokee kitukuu chako, Babu. Anaitwa Tisa, yule wa kiwandani."

Mikono ikarudi. Akaikalia, kama mtoto aliyekatazwa kugusa kitu.

"Nani kampa?"

"Mimi mwenyewe!"

Akanitazama. Nikatikisa kichwa taratibu: sijasema. Hiyo ndiyo siku ya mwisho ninayoweza kuapa kwamba baba yangu alikuwa na akili zake zote. Zilikuwa zinavuja siku nyingi, lakini baada ya pale zilimwagika.

Na mama mpya humwita mwanawe mara ngapi kwa siku? Anapomwogesha, anapomvalisha, anapompita tu kitandani. Kila anapoita, Babu huitika sebuleni, "Nakuja! Nakuja!" Huinuka na fimbo yake, akaburuza miguu ukumbini, akaufungua mlango wa mbele mpaka mwisho, kisha akasimama pembeni kupisha watu watoke. Husimama hivyo mpaka mtu amrudishe kitini. Majirani wanacheka. Binti yangu naye amempachika jina la utani, Bawabu Wangu, na humbusu upara kila anapomrudisha.

Juzi aliniuliza, safari hii bila kucheka.

"Baba, kwa nini nikimwita mtoto, Babu anakwenda kufungua mlango?"

Alikuwa amekaa kitandani na mtoto kifuani. Mlango wa chumba ulikuwa wazi. Maneno yote nilikuwa nayo, yamejipanga tayari.

"Uzee, mwanangu."

"Maskini. Anapenda kujiona bado ana kazi." Akafikiri kidogo, uso ukamlainika. "Basi na tumpe."

Akamwinua mtoto juu, akaita kwa furaha, kwa sauti kubwa kusudi imfikie Babu. "Tisa! Tisa wangu we!"

Sebuleni nikamsikia baba akiitika, na mimi nikabaki nimekaa palepale.